Ukiambiwa "gazeti kubwa la Uingereza limesema", fanya hivi kabla hujashea

Wakuu, gesi ya Lindi au ya kule Cabo Delgado (kaskazini mwa Msumbiji) ikitajwa kidogo tu, magrupu ya WhatsApp ya huku Mtwara yanajaa skrinishoti, "gazeti kubwa la Uingereza limesema", na kijiweni watu wanabishana mpaka kahawa inapoa. Kiingereza wengi tunakisoma, shida ni kwamba hatuangalii tunasoma nini. Mi nasomaga hivi.

Anza na jina la gazeti. Kule nako kuna magazeti makini na ya udaku, kama huku tu. The Sun ni udaku. Makini ni The Times (lipo toka 1785), The Guardian, The Daily Telegraph na Financial Times (FT). Zamani uliyajua kwa karatasi, makini mapana, ya udaku madogo, ila siku hizi usitegemee hiyo, The Times lilihamia saizi ndogo 2004, Guardian 2018, na The Independent halichapwi kabisa toka 2016, lipo mtandaoni tu.

Alafu jua linaongea na nani, na hapa ndo penyewe. Guardian ni la mrengo wa kushoto na lipo chini ya Scott Trust, mfuko uliowekwa kulinda uhuru wake, Telegraph ni la wahafidhina mpaka watani wao wanaliita Torygraph (Tory ni jina la utani la chama cha wahafidhina), The Times ni la kina Murdoch, matajiri wa vyombo vya habari, toka 1981, FT ni la watu wa hela na Wajapani wa kampuni ya habari ya Nikkei walilinunua 2015. Sa chukua gesi ya Msumbiji: 2020 serikali ya Uingereza iliahidi mikopo na dhamana ya hadi dola bilioni 1.15 kwa mradi wa Total (kampuni ya mafuta ya Ufaransa), Machi 2021 Palma, mji ulio karibu na mradi, ikavamiwa na waasi, watu wakavuka Ruvuma kukimbilia upande wetu, mwezi uliofuata Total wakatangaza kusimamisha mradi. Tukio ni hilohilo, ila msomaji wa Guardian anataka kusikia tabianchi na wanakijiji waliohamishwa, wa FT anauliza hela yake itarudi lini. Hakuna anaedanganya hapo, wanahudumia wateja tofauti. Kwa hiyo soma mawili yasiyopendana, likiwa moja tu utabebwa.

Cheki pia kama ni habari au maoni ya mtu. Skrinishoti nyingi zinakatwa kwa juu, na juu ndo kuna neno "Opinion" au "Comment", yaani aliyekata kakuondolea kitu cha maana kuliko vyote (wengine wanafanya makusudi, tuwe wakweli). Guardian wanakusaidia kwa rangi, habari nyekundu, maoni rangi ya chungwa, na habari ikishapitiliza mwaka wanaweka utepe wa njano kukwambia ni ya zamani. Ukiona makala haina jina la mwandishi na inatoa msimamo, hiyo ni tahariri, hapo gazeti lenyewe ndo linaongea.

Mwandishi alikuwa wapi? Wanaoandika habari za Afrika wengi wanakaa Nairobi au Johannesburg, sio dhambi, ila anaeandika habari za Lindi akiwa Johannesburg anategemea simu na watu wa kumtumia taarifa. Na kama chini kuna neno Reuters ujue ni habari ya shirika la habari linalouzia magazeti mengi, magazeti matatu yakiibeba bado ni chanzo kimoja, usije ukahesabu ni mashahidi watatu.

Kuhusu bando na hela: tovuti ya Guardian ni bure, wanaomba mchango tu, The Times, Telegraph na FT mengi ni ya kulipia kwahiyo utaishia kuona kichwa na mistari michache, na kichwa peke yake usikisambaze. Shuka mpaka chini kabisa, Guardian wakirekebisha kosa wanaandika hapo na tarehe yake.

Mwisho, copy kichwa cha habari ukiweke Google ndani ya alama za kunukuu. Kisipotokea popote, muulize aliyeshea linki iko wapi, na akikujibu "we tafuta mwenyewe" basi jibu unalo.