Mmea mtungi umegoma kutoa mitungi? Anza na maji unayomwagilia

Wengi wakianza kufuga mmea mtungi (Nepenthes), ule unaonasa wadudu kwa mitungi inayoota kwenye ncha za majani, wanalia kilio kilekile, majani yanatoka makubwa ya kijani kabisa ila kale kamkia kwenye ncha ya jani kanakauka tu, mtungi hakuna. Mi nimekaa nao hapa Bangwe, Kigoma, miezi minne hivyohivyo, kumbe nauharibu mwenyewe, nilikuwa nachota maji ziwani, si unaona yalivyo meupe mpaka kokoto za chini zinaonekana. Meupe ndio, lakini maji ya Tanganyika yana madini kibao, na huu mmea kwao Borneo na Sumatra, hata Madagaska upo, umezoea udongo usio na rutuba, ndo maana ukajifunza kula wadudu. Na usidhani ukichemsha umemaliza, chumvi nyingi zinabaki mulemule.

Kinga mvua. Ile ya kwanza inayoosha vumbi la bati iache ipite, halafu jaza madumu ya kukuvusha kiangazi. Yakiisha, maji yanayodondoka kwenye AC nayo yanafaa, mlinzi atakushangaa tu na kidumu chako.

Udongo wa bustani achana nao, samadi ndo kabisa. Omba makumbi kwa wauza nazi, chambua nyuzi, loweka siku tatu huku unabadilisha maji, changanya na vipande vya mkaa saizi ya harage. Mmea ukishibishwa mbolea kwenye mizizi unatoa majani tu, ya nini uhangaike kutega wadudu?

Mwanga uwe mwingi, jua la asubuhi, mchana neti au kivuli chepesi. Unyevu wa hewa Kigoma masika unajitosheleza, ila Tabora ikifika Agosti, upepo mkavu vile, weka kopo la mmea juu ya kokoto kwenye beseni lenye maji, kitako kisiguse maji, na pulizia jioni. Tabora usiku wa Julai unashuka mpaka nyuzi 15 hivi, kwa hiyo chagua chotara sugu kama ventrata. Zile aina za milimani zinazotaka baridi kila usiku, huku ziwani usijisumbue.

Mambo yakikaa sawa utaona ncha ya kamkia inavimba kama kichwa cha njiti ya kiberiti, inajikunja kuelekea juu, inajaa hewa kidogokidogo, halafu asubuhi moja unakuta kifuniko kimefunguka na ndani kuna maji tayari. Hayo ni yake, usiyamwage. Sisimizi wataingia wenyewe, ukitaka kusaidia dondosha inzi mmoja, basi. Mi niliwahi kuweka dagaa, mtungi ukaoza na sebule ikanuka siku mbili.

Mtungi mzee kukauka ni kawaida, kata. Ila ukishapata sehemu usiuhamishehamishe, wangu niliusogeza mara moja tu kupisha kochi, ukanuna mwezi na ushee.