Spika sita, zinalia mbili: kusaka hitilafu ya sauti ya 5.1 kwenye kompyuta ya Linux sebuleni

Kompyuta iko chini ya TV, risiva (amplifaya inayoendesha spika) iko pembeni, spika tano na sabufa zimepangwa vizuri, lakini filamu ikianza zinalia mbili za mbele tu. Au hakuna sauti kabisa. Au, na hii ndiyo inayotisha watu, inatoka kelele kali kama mvua inayopiga bati. Hizo ni hitilafu tatu tofauti na kila moja ina chimbuko lake. Wengi hukimbilia mipangilio ya Kodi, programu ya kuchezea filamu, kabla hawajajua waya wao unaweza kubeba nini, wakazunguka humo usiku kucha.

Anza na kioo cha risiva. Kikiandika «PCM» (sauti ya kidijiti isiyobanwa) au «Stereo», risiva inapokea chaneli mbili, na hakuna kitufe cha risiva kitakachozirudisha nne zilizopotea. Kikiandika «Dolby Digital» au «DTS», kompyuta imemaliza kazi yake. Tatizo liko kwenye nyaya za spika au mpangilio wa risiva yenyewe. Kikiandika «Multi CH», inapokea PCM ya chaneli nyingi kwa HDMI. Kisipoandika chochote, shida ni waya, tundu ulilochagua, au sauti imezimwa ndani ya Linux.

Waya unabeba nini

Waya wa optiko (ule wenye mwanga mwekundu nchani) na wa koaksia (plagi moja ya RCA) hubeba kitu kilekile, S/PDIF. Njia hiyo ni nyembamba. Inapitisha PCM ya chaneli mbili, au furushi lililobanwa la AC3, yaani Dolby Digital, hadi kbps 640, au DTS ya kawaida hadi kbps 1509. Basi. PCM ya chaneli sita haipiti. TrueHD, sauti ya Dolby ya diski za Blu-ray, haipiti. DTS-HD, ndugu mkubwa wa DTS, haipiti, ila kiini chake cha DTS ya kawaida hupita. AAC ya 5.1, iliyojaa kwenye mafaili ya MP4, nayo haipiti mpaka igeuzwe kuwa AC3.

HDMI ni barabara pana: PCM hadi chaneli nane na mafurushi yote hayo. Lakini iunganishe moja kwa moja kwenye risiva, kisha risiva ipeleke picha kwenye TV. Ukipitisha kompyuta kwenye TV halafu optiko kutoka TV kwenda risiva, TV nyingi huikata sauti ya HDMI kuwa chaneli mbili kabla ya kuitoa. Risiva yako ikiwa ya zamani, haina HDMI, peleka picha kwa HDMI hadi kwenye TV na sauti kwa optiko kutoka kwenye mazabodi ya kompyuta hadi kwenye risiva. Vigawanyaji vya HDMI vya bei rahisi navyo huiambia kompyuta kwamba upande wa pili kuna chaneli mbili tu, nayo inatii.

Risiva ya mtumba ina mtego wake hata kabla ya Linux. Soma kibandiko cha nyuma. Ya soko la Japani ni ya volti 100. Ukiichomeka kwenye 230 zetu bila transfoma ya kushusha, utasikia sauti moja tu, ya mwisho.

Hakikisha faili lenyewe lina 5.1

Hatua hii ya nusu dakika huokoa siku nzima. Fungua terminali:

ffprobe -hide_banner filamu.mkv

Tafuta mstari wa Audio. Ukiona «ac3, 48000 Hz, 5.1(side), 448 kb/s», faili ni zima. Ukiona «aac, 44100 Hz, stereo», umetafuta mchawi bure. Filamu za kutafsiriwa, zile ambazo DJ anasimulia juu ya mazungumzo na tunazinunua kwa flashi, kwa kawaida ni chaneli mbili hata kama filamu ya asili ilikuwa na sita: msimulizi alirekodi juu ya stirio. Risiva inaweza kuzisambaza spika zote kwa Pro Logic, lakini hiyo ni kukisia, si 5.1. Kwa majaribio tumia faili ambalo una hakika lina AC3, diski halisi ya DVD kwa mfano.

Kama hakuna sauti kabisa

Kwa optiko, chomoa upande wa risiva uangalie ncha. Mwanga mwekundu upo? Kama haupo, angalia kile kikofia kidogo cha plastiki cha nchani, maana waya mpya huchomekwa nacho mara nyingi kuliko watu wanavyokiri. Usiukunje waya huu kwa kona kali nyuma ya kabati. Ukipasuka ndani hautengenezeki. Kwa koaksia, chunguza kutu. Nyumba za Shangani na za ufukweni Lindi hupata hewa ya chumvi mwaka mzima, na plagi ya RCA ikishika ukungu wa kijani sauti huanza kukatikakatika kabla ya kufa. Futa kwa kitambaa chenye spiriti, kausha, chomeka ukiizungusha kidogo. Fanya hivyo kabla hujaagiza waya Kariakoo na kusubiri basi lishuke nao.

Mwanga upo lakini kimya? Andika alsamixer, bonyeza F6, chagua kadi ya sauti, kisha sogea kwa mishale hadi vijiti vilivyoandikwa «IEC958» au «S/PDIF». Chini ya kijiti ukiona MM, kimezimwa. Bonyeza M, iwe 00. Kisha:

sudo alsactl store

ili ibaki hivyo ukiwasha tena. Hitilafu nyingi za «kimya kabisa» kwenye optiko huishia hapa hapa.

Sasa jua majina ya vifaa. Amri aplay -l huorodhesha kadi. Amri aplay -L hutoa majina marefu ambayo ndiyo utakayotumia. Kwenye mazabodi za Intel kadi ya sauti mara nyingi huitwa PCH, optiko huwa kifaa namba 1, na HDMI huanzia namba 3. Kadi ya picha ya NVIDIA au AMD hutokea kama kadi nyingine inayojitegemea, na hapo ndipo watu hupeleka sauti kwenye HDMI isiyo na waya. Jaribu chaneli mbili kwanza:

speaker-test -D iec958:CARD=PCH,DEV=0 -c 2 -t wav

Kwa HDMI weka hdmi:CARD=PCH,DEV=0, na isipolia jaribu DEV=1, kisha DEV=2. Ikisema kifaa kinatumika, tafuta anayekishikilia:

fuser -v /dev/snd/*

Atakuwa PipeWire au PulseAudio, programu zinazogawa sauti ndani ya Linux. Fungua pavucontrol, dirisha la mipangilio yao, ukurasa wa mwisho, weka «Off» kwenye kadi hiyo, urudie jaribio.

Sauti mbili zikisikika na kioo cha risiva kikaandika PCM, waya ni mzima na tundu ni sahihi. Usiuguse tena.

Kwa HDMI kuna jambo la ziada. Kompyuta huuliza risiva inaweza nini na kuandika jibu hapa:

cat /proc/asound/card0/eld*

Badilisha card0 kwa namba ya kadi yako. Unataka kuona monitor_present 1, eld_valid 1, na chini yake sehemu ya LPCM (ile PCM) yenye chaneli 6 au 8. Ukiona 2, kuna kitu katikati, TV au kigawanyaji, kinachoibania. Ukiona eld_valid 0 kwenye tundu lenye waya, huenda risiva ilikuwa imezimwa kompyuta ilipowaka. Jambo hili ni la kila wiki kwetu: umeme unakatika, unarudi, kompyuta iliyowekewa kujiwasha yenyewe inaamka mara moja huku TV na risiva zikisubiri rimoti. Zima kujiwasha huko kwenye BIOS, kwenye kipengele cha kurudi baada ya umeme kukatika, halafu washa kwa mpangilio: TV, risiva, kompyuta mwisho. Kama imeshatokea, chomoa HDMI uichomeke tena, kisha:

systemctl --user restart wireplumber pipewire pipewire-pulse

Jaribio linaloamua

Hapa ndipo ubishi unapoisha. Tunachukua furushi la AC3 kutoka kwenye filamu bila kulifungua na kulisukuma moja kwa moja kwenye waya, bila Kodi, bila PipeWire, bila mtu yeyote katikati. Weka filamu yenye AC3 ya 48000 Hz:

ffmpeg -i filamu.mkv -map 0:a:0 -c copy -t 60 -f spdif jaribio.spdif

Punguza sauti ya risiva hadi chini kabisa. Si utani, jaribio likienda mrama kelele yake inaweza kuchana twita, spika ndogo ya sauti nyembamba. Kisha:

aplay -D iec958:CARD=PCH,AES0=0x06,AES1=0x82,AES2=0x00,AES3=0x02 -t raw -f S16_LE -c 2 -r 48000 jaribio.spdif

Usishangae kuona -c 2. Furushi la chaneli sita husafiri likiwa limevaa nguo za PCM ya chaneli mbili. Kinachoiambia risiva kwamba hiki si sauti ya kawaida ni AES0=0x06, ambayo ndani yake kuna biti moja yenye maana ya «usinicheze, nifungue». AES3=0x02 inataja 48000 Hz.

Kioo kikiandika «Dolby Digital» na spika zote zikaamka, basi mashine yako, waya na risiva ni vizima, na tatizo lote liko kwenye programu. Ikitoka mvua ya bati, risiva inasoma furushi kama PCM: ama ile biti haikufika, ama risiva haina dekoda (kifungua furushi) ya Dolby. Katika risiva nyingine tundu la optiko limebanwa kwenye PCM ndani ya menyu. Lirudishe kwenye «Auto».

Mvua ya bati hiyohiyo ikitokea kwenye filamu tu na si kwenye jaribio, kuna mtu amegusa furushi njiani. Ndilo chimbuko kuu la kelele hii. Furushi likishabanwa halikubali kupunguzwa sauti, kuchanganywa na mlio wa ujumbe, wala kugeuzwa kutoka 48000 kwenda 44100. Biti moja ikibadilika, dekoda inapotea. Kwa hiyo ukipitisha furushi, kiasi cha sauti cha Linux kibaki asilimia 100, na sauti ipunguzwe kwa rimoti ya risiva peke yake.

Kodi

Njia isiyo na longolongo ni kuiacha Kodi izungumze moja kwa moja na ALSA, sehemu ya Linux inayoendesha kadi za sauti:

kodi --audio-backend=alsa

Ukifika Settings, System, Audio, panda hadi ngazi ya Expert, la sivyo nusu ya vipengele hutaviona.

Kwa optiko: «Number of channels» weka 2.0. Ndiyo, 2.0, hata kama una spika sita. Namba hiyo inahusu PCM, na waya huu hauna nafasi ya zaidi ya mbili. Ukiweka 5.1 Kodi itajaribu kutoa PCM ya sita, ambayo waya huu hauibebi. Washa «Allow passthrough» (kupitisha furushi bila kulifungua), chagua kifaa cha S/PDIF kilekile kilicholia kwenye speaker-test, washa AC3 na DTS, kisha washa kipengele cha kugeuza sauti kuwa AC3, kinachoitwa «transcoding». Hicho ndicho kinachookoa AAC ya 5.1: Kodi huifungua, huibana upya, huipeleka. Vipengele vya E-AC3, TrueHD na DTS-HD viache vimezimwa.

Kwa HDMI yenye risiva ya kisasa, weka 5.1 na uache passthrough imezimwa. Kodi itafungua kila kitu yenyewe na kutuma PCM sita. Utatumia kiasi cha sauti cha kawaida na milio ya menyu itasikika. Wapenzi wa taa ya Dolby kwenye kioo hawataipenda, lakini kwa 5.1 ya kawaida masikio hayatakosa kitu. Atmos, sauti ya Dolby yenye spika za juu pia, ndiyo inayohitaji passthrough.

Kodi ikiwashwa kama huduma ya mfumo bila kuingia kwenye desktop, mtumiaji wake awe kwenye kundi la audio:

sudo usermod -aG audio jina

Ukitaka kubaki na PipeWire, ingia pavucontrol, rudisha kadi uliyoiweka «Off», kisha kwenye kifaa cha kutoa sauti fungua sehemu ya ziada, uweke tiki AC3 na DTS. Kivinjari kitaendelea kutoa stirio kwenye optiko, na hilo ni sawa.

Vidogo vinavyobaki

Sekunde moja au mbili za mwanzo zikimezwa kila unapobonyeza cheza, kadi inasinzia. Andika ndani ya /etc/modprobe.d/sauti.conf:

options snd_hda_intel power_save=0

uwashe mashine upya. Risiva nazo huchukua muda kutambua furushi. Kodi ina kipengele cha kukiacha kifaa kikiwa macho, kiweke «Always».

Midomo ikichelewa nyuma ya sauti, tumia ucheleweshaji wa milisekunde kwenye risiva. Kwa kawaida TV ndiyo inayochelewesha picha, kwa hiyo sauti ndiyo irudishwe nyuma.

Mvumo wa chini usiokoma hata filamu ikisimama, kwenye koaksia, ni umeme unaozunguka kati ya vifaa viwili ambavyo ethi yake haikubaliani, na nyumba zenye ethi mbovu tunazijua. Hamia optiko, inayobeba mwanga na si umeme, na mvumo utakufa papo hapo. Ukibaki, huenda unatoka kwenye sabufa au waya wake.