Boti ya jeti inanguruma ila haiendi? Anza na pampu
Kama umenunua boti ya jeti, ile inayosukumwa na pampu inayorusha maji nyuma badala ya propela, na ukivuta mafuta mshale wa rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) unapanda juu kabisa lakini boti inajivuta tu, usikimbilie kufungua injini jamani, mara nyingi hapo pampu inavuta hewa au haipati maji ya kutosha. Zima injini, toa na ufunguo kabisa, ndo uchungulie wavu wa chini maji yanapoingilia, majani au kamba au mfuko wa plastiki ukinasa pale msukumo unapotea. Pako safi? Kagua impela, yaani lile pangaboi la ndani ya pampu linalosukuma maji, kingo zikiwa zimeliwa na kokoto au uwazi kati yake na ringi inayoizunguka umekuwa mkubwa, spidi hupati. Ila rpm ikigoma kupanda, hapo sasa angalia injini, plagi na filta ya mafuta.