Leza, jiwe na kuvumwani iliyojificha ndani yake

Usisage jiwe unalotaka kulichunguza kwa spektroskopia ya Raman, yaani kulimulika kwa leza na kusoma mwanga unaotawanywa. Ndilo neno la kwanza ninalomwambia kila mwanafunzi anayeingia maabarani kwangu hapa Nairobi. Kwenye mawe ya mchanga ya Mabonde Makavu ya Antaktiki, kuvumwani, yaani kuvu na mwani wanaoishi kwa kutegemeana, hukaa chini ya uso wa jiwe, ndani ya sentimita moja hivi, kwa matabaka: jeusi, jeupe, kisha kijani. Mwanabiolojia Imre Friedmann aliyaeleza mwaka 1982. Ukisaga, umeufuta mpangilio huo, na mpangilio ndio habari yenyewe.

Chukua patasi na nyundo ndogo (zangu nilinunua sokoni Gikomba) upasue kutoka juu kwenda ndani, ili matabaka yote yaonekane ubavuni. Vaa glavu, mafuta ya vidole nayo hujitokeza kwenye spektra, yaani mchoro wa vilele ambao kila kemikali huwa na vyake, vikihesabiwa kwa cm⁻¹. Kama mkono wako bado mgeni, jizoeze kwa kipande cha jiwe la ujenzi la Ndarugo kutoka ukuta wa zamani wenye madoa ya kijivu ya kuvumwani. Hiyo huota juu tu, lakini inatosha kujifunzia.

Pima kipande cha silikoni kwanza, kuhakiki kifaa: kilele kisimame 520.5 cm⁻¹. Kisha chagua leza. Ya kijani, nanomita 532, huchochea sana karotenoidi, rangi asilia za viumbe, ila vitu vingine humeremeta hadi vikafunika spektra. Ya 1064 ni tulivu zaidi.

Nguvu ianze chini kabisa, hasa kwenye tabaka jeusi, maana hunyonya mwanga. Niliwahi kuharibu sampuli niliyoisubiri miezi mingi: vilima viwili vipana vikatokea karibu na 1350 na 1590. Ilikuwa kaboni, nimeunguza. Ukiviona ghafla, simamisha kazi, hamia doa jingine.

Sasa shuka kwa hatua ndogo, kama milimita 0.2, ukiandika kina cha kila doa. Kilele cha 465 ni kwatsi, jiwe lenyewe. Karotenoidi hukaa karibu na 1005, 1155 na 1520. Vilele pacha vya 1463 na 1490 ni oksaleti ya kalsiamu, ambayo kuvu huitengeneza. Fuatilia pia hematiti, madini ya oksidi ya chuma, kwenye 225, 292 na 410: kwenye tabaka jeupe hufifia, kwa kuwa asidi ya kuvu imeyeyusha chuma na kukihamisha. Lakini oksaleti hubaki hata kuvu ikifa, kwa hiyo usiandike "hai" kwa sababu yake peke yake.