Wino wa joto: pima uzi kabla ya kuwasha

Ukitaka wino unaobadilika rangi kwa joto ufifie pale unapotaka tu, shona uzi wa chuma cha pua kwa zigizaga nyuma ya kitambaa, kisha pima ukinzani wake, yaani jinsi unavyozuia umeme kupita, kwa multimita (kifaa cha kupimia umeme) kabla ya kuunganisha umeme. Kwa volti 5, uzi wenye ukinzani wa omu 10 hupitisha nusu ampea, yaani wati 2.5, kipande kidogo hupata moto vizuri. Uzi ukiwa mfupi mno, au mistari ikigusana, ukinzani hushuka na betri ndiyo inayochemka. Utepe wa shaba hapa haufai, hauna ukinzani wa maana. Betri bapa ya saa nayo haiwezi kazi hii. Na wino unaofifia kwenye nyuzijoto 31 za Selsiasi, siku ya jua kali? Utaukuta umeshafifia hata hujawasha.