Kuboresha utuamishaji wa tope katika mitambo mikongwe ya majitaka, hatua kwa hatua

Mtambo wa kusafisha majitaka unapozeeka, matangi ya kutuamisha huwa ya kwanza kulalamika: maji yanayotoka huwa na ukungu, vipande vya tope huvuka kingo mvua inaponyesha, na wahudumu huanza kusema kwamba tangi limekuwa dogo. Mara nyingi tangi si dogo. Kilichobadilika ni namna maji yanavyoingia, yanavyozunguka na yanavyotoka, au tabia ya tope lenyewe. Ndiyo maana nimepanga hatua hizi ili gharama kubwa ije mwisho, kwa sababu tangi jipya lenye mlango mbaya wa maji litashindwa kama lile la zamani.

Hatua ya kwanza: pima kabla ya kugusa chochote

Gawanya mtiririko wa siku kwa eneo la uso wa tangi. Jibu ni kasi ambayo maji hupanda kuelekea kingoni, na chembe inayozama polepole kuliko kasi hiyo haina uhakika wa kufika chini. Msingi huu ulielezwa na mhandisi Mmarekani Allen Hazen mwaka 1904 na bado unatumika. Matangi ya awali, yanayotuamisha majitaka kabla ya bakteria kuyasafisha, kwa kawaida husanifiwa kwa mita 30 hadi 50 kwa siku, na yale yanayofuata matangi ya hewa, ambamo hewa hupulizwa ili bakteria wale uchafu, kwa mita 16 hadi 28, zote zikiwa za mtiririko wa wastani.

Kwa tangi linalopokea tope hai, yaani tope la bakteria kutoka tangi la hewa, hesabu hiyo peke yake haitoshi, maana tangi hilo hubeba uzito wa tope vilevile. Chukua tangi la kipenyo cha mita 20, lenye eneo la mita za mraba 314, linalopokea mita za ujazo 7,500 kwa siku zenye kilo 3 za tope katika kila mita ya ujazo, huku tope linalorudishwa kutoka sakafuni hadi tangi la hewa likiwa nusu ya mtiririko huo. Maji yanapanda mita 24 kwa siku, na mzigo wa tope ni kilo 4.5 kwa mita ya mraba kwa saa, yote yakiwa ndani ya mipaka. Mvua ikiufanya mtiririko kuwa mara tatu bila pampu ya kurudisha tope kubadilishwa, kasi hupanda hadi karibu mita 72 kwa siku na mzigo hadi kilo 10 na zaidi, ilhali kilele kinachovumilika ni takriban kilo 8. Tangi lililotulia asubuhi linaweza kumwaga tope jioni bila kifaa chochote kuharibika.

Sasa jua tope lako. Jaza chombo cha lita moja maji ya tangi la hewa, yaache dakika 30, soma ujazo wa tope kwa mililita, kisha ugawe kwa idadi ya gramu za tope zilizomo katika lita hiyo. Mililita 450 kwa gramu 3 ni 150. Chini ya 100 ni tope zuri. Likizidi 150, shuku bakteria wa nyuzi, na uthibitishe kwa hadubini. Hapa ninasisitiza kwa moyo wote: tope la nyuzi halitibiwi kwa kurekebisha tangi la kutuamisha. Tafuta chanzo chake katika upungufu wa oksijeni, majitaka yaliyooza njiani, au uhaba wa virutubisho, na ufikirie kutenga sehemu ndogo isiyo na hewa mwanzoni mwa tangi la hewa, ambako bakteria wanaounda mabonge mazito hupata chakula kabla ya wale wa nyuzi.

Hatua ya pili: sawazisha kingo

Kazi hii ni rahisi na hupuuzwa mno. Katika kingo zenye meno ya pembe tatu, mtiririko hukua kwa kipeo cha 2.5 cha kina cha maji juu ya ncha ya chini ya jino. Kina kikiwa milimita 50 upande mmoja na 60 upande wa pili kwa sababu msingi umezama, upande huo wa pili hutoa maji asilimia 58 zaidi, na mkondo wote huelekea huko ukibeba tope. Lete kifaa cha kupimia usawa, legeza boliti, rekebisha kingo, kisha ondoa mwani ulioziba meno.

Hatua ya tatu: tuliza mlango na uvunje mikondo

Mchanganyiko wa maji na tope ni mzito kuliko maji yaliyotulia, hivyo ukiingia huanguka, hukimbia sakafuni hadi ukutani, na hupanda moja kwa moja kwenye kingo. Mwaga rangi ya kupimia mlangoni na uchukue sampuli kingoni kila baada ya dakika chache; rangi ikitokea mapema mno kuliko muda unaotarajiwa kutokana na ujazo wa tangi, umepata ushahidi wa njia ya mkato. Tiba ina sehemu mbili. Katikati, weka silinda pana inayovunja kasi ya maji na kuzipa chembechembe nafasi ya kushikana. Ukutani, chini ya kingo, funga bamba lililoinama linalourudisha mkondo kuelekea katikati. Kwa maoni yangu, fedha kidogo zinazopatikana katika mtambo mkongwe zianzie hapa.

Hatua ya nne: ondoa tope kwa wakati

Pima kina cha tope sakafuni kwa bomba la kuonea, na ujitahidi lisizidi takriban mita moja. Kagua vikwanguo vilivyolika na mabomba ya kufyonzea yaliyoziba. Tangi likitolewa maji, asishuke mtu kabla ya hewa kupimwa, kwa kuwa gesi ya salfidi ya hidrojeni huua.

Hatua ya tano: kemikali, sahani, na mwishowe zege

Katika matangi ya awali, kloridi ya feri au shabu pamoja na polima kidogo huweza kuinua uondoaji wa yabisi kutoka asilimia 50 hadi 70 ya kawaida mpaka 75 au zaidi. Sahani, yaani mabamba membamba yanayopangwa ndani ya tangi yakiwa yameinama kwa nyuzi 55 hadi 60, huongeza eneo la kutuamia ndani ya tangi lilelile. Tangi jipya liombwe tu pale ambapo hesabu za hatua ya kwanza, zikifanywa kwa tope lenye afya, bado zinavuka mipaka.

Maswali ya wanachama

*Katika chombo cha majaribio tope letu hutuama vizuri, lakini kwenye tangi huelea kwa mabonge mchana. Tatizo ni nini?*

Kiache chombo hicho kwa saa mbili badala ya dakika 30. Tope likipanda, kisha likazama tena baada ya kukorogwa na kutoa viputo, bakteria wanageuza nitrati kuwa gesi ya nitrojeni ndani yake. Punguza muda wa tope kukaa sakafuni kwa kulirudisha haraka zaidi. Tiba ya kudumu ni kuondoa nitrati mapema, katika sehemu isiyopigwa hewa.

*Je, mvua ikianza tufungulie pampu ya kurudisha tope hadi mwisho?*

Hapana. Kila mita ya ujazo inayorudishwa huingia tena kwenye tangi na kuongeza mzigo pamoja na msukosuko mlangoni. Ongeza kwa kiasi, ukifuata kina cha tope. Kama mabomba yanaruhusu, peleka majitaka ya mvua karibu na mwisho wa tangi la hewa, ili tope zito libaki mwanzoni na mchanganyiko mwepesi zaidi ndio ufike kwenye kutuamisha.

*Sahani zinafaa kwa matangi yanayopokea tope hai?*

Kwa tahadhari kubwa. Utando wa bakteria huota juu yake, kwa hiyo zinahitaji kuoshwa mara kwa mara. Pia haziongezi uwezo wa sakafu kulikamua tope. Ikiwa kinachokushinda ni mzigo wa tope, sahani hazitakuokoa.

*Tukitumia kloridi ya feri, tuangalie nini zaidi ya bei?*

Pimeni ualkali wa maji, yaani uwezo wake wa kuhimili asidi, kwa sababu kemikali hiyo huula na inaweza kushusha pH hadi kuwadhoofisha bakteria wanaogeuza amonia. Tope la awali litaongezeka, basi hakikisheni vitengo vya kulikausha vinalimudu. Kipimo chake kipatikane kwa majaribio ya vyombo kwa majitaka yenu wenyewe, na yarudiwe majira yanapobadilika.