Ukingo wa Konde Usifyekwe Tikiti Likikaribia Kuchanua

Kila msimu wa matikiti, Makunduchi ya Unguja hata Micheweni ya Pemba, naitwa kondeni kutazama vitoto vya matikiti vinavyogeuka manjano na kupukutika, au tikiti lililonenepa upande mmoja likasinyaa upande wa pili. Mwenye konde keshaamua: mbolea haikutosha. Keshaongeza urea, majani yamekoza, na vitoto vinaendelea kupukutika. Nikitupa jicho ukingoni nakuta pamefyekwa hadi udongo, au pamepigwa dawa ya magugu, wiki ileile mitikiti ilipoanza kuchanua. Tatizo ndilo hilo.

Chavua ya tikiti, ule unga wa ua dume, ni nzito na inanata, upepo hauibebi. Ua jike, lile lenye kitoto chini yake, hufunguka jua likichomoza na alasiri limeshafunga. Siku yake ni hiyo moja. Katika saa hizo chache linataka nyuki walitembelee mara 8 au zaidi ndipo tunda lijae pande zote. Na si nyuki wa mzinga peke yao. Wamo wadogo wanaochimba vijishimo ardhini, na yule mkubwa mweusi anayetoboa boriti. Wote hao wanahitaji kula kabla tikiti halijachanua, na chakula chao ni hicho mnachokiita uchafu: kivumbasi, kishona nguo, na kila kinachotoa ua jua la kaskazi likiwaka. Wale wadogo hawaruki mbali. Ukiwamalizia maua hapo, usitegemee wengine waje kutoka kijiji cha pili.

Sasa vipimo, na tafadhali tumieni kamba, si macho. Kandokando ya matuta palilia mita 1 pawe safi. Kutoka hapo acha ukanda wa maua usiopungua mita 2, angalau pande mbili za konde. Panga lisiguse ukanda huo tangu mitikiti inapoanza kutambaa mpaka matunda yafikie ukubwa wa ngumi. Hapo fyeka nusu, nusu nyingine ingoje wiki 2. Sijasema mfuge kila gugu: matango mwitu yang'oeni popote, yanalea nzi wa matunda, na kishona nguo kikianza kukausha sindano kikatwe vichwa.

Dawa ya wadudu ipigwe kuanzia saa 11 jioni, maua yakiwa yamefunga. Mtu anayebeba bomba saa 2 asubuhi anawaua vibarua wake wakiwa kazini, tena vibarua wasiodai ujira! Upepo ukielekea ukingoni, ahirisha. Dawa ya unga ni mbaya zaidi, hunasa kwenye manyoya ya nyuki pamoja na chavua akaipeleka kwa wanawe. Zile zinazofyonzwa na mmea, kama imidaklopridi, zisitumike kabisa maua yakishatokea, hata usiku, kwani zinafika mpaka kwenye mbochi, yale maji matamu ya ua anayofyonza nyuki.

Aliyekwisha kufyeka hana njia ila kuchavusha kwa mkono, kati ya saa 12 na saa 4 asubuhi. Chuma ua dume lililofunguka siku hiyohiyo, libandue petali, kisha lipake taratibu katikati ya ua jike. Pale katikati pana vipande 3. Gusa vyote, kwa sababu ukiruka kimoja tunda litapinda. Kitoto kilichoshika huanza kuvimba baada ya siku chache. Kesho yake alfajiri rudi tena, maana maua mengine yatakuwa yamefunguka.